Uzamivu wa kemia: vyeti vyako vinatosha, lakini mashine utaipata wapi?

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni binti wa Likoni. Nina shahada ya kwanza ya kemia, daraja la pili la juu, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi katika maabara ya kupima maji ya kiwanda kimoja huko Changamwe. Nataka kusoma hadi uzamivu. Masharti yake hasa ni yapi? Naweza kuruka uzamili? Na je, lazima nihame Mombasa? Ningependa utafiti wangu uwe wa bahari yetu."

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu yale ya karatasi upesi, kisha nikae zaidi pale wengi wanapokwama.

Kwa Kenya, usipange kuruka uzamili. Vyuo vyetu vinataka shahada ya uzamili ya kemia, au ya fani iliyo karibu nayo, ndipo vikupokee kwenye uzamivu. Daraja la pili la juu linakuingiza uzamili bila mvutano. Uzamili huchukua kama miaka 2, nusu masomo na nusu utafiti. Uzamivu ni miaka isiyopungua 3 kwa anayesoma muda wote, ila ukimaliza mwaka wa 4 au wa 5 hujachelewa kuliko wenzako. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, vya mwaka 2014 vinadai wasimamizi wasiopungua wawili, na makala mbili ziwe zimechapishwa kwenye majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Kabla hujalipa ada ya maombi, tazama kama programu yenyewe, si chuo tu, imo kwenye orodha ya programu ambazo CUE imeziidhinisha. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na programu yake mojawapo ikawa bado haijaidhinishwa.

Hayo ni ya karatasi, na karatasi utazipata. Sharti linaloamua kama utamaliza halimo kwenye fomu yoyote: ni mashine gani itakayosoma sampuli zako, iko wapi, nani anaiendesha, na gharama ataibeba nani. Mwanafunzi wa historia akikosa nyaraka Fort Jesus atazisaka Nairobi au Zanzibar. Wa kemia akikosa mashine amekaa. Wapo waliopitishiwa pendekezo zuri la utafiti, wakakusanya sampuli, kisha sampuli zikalala kwenye frija miaka miwili kwa kuwa mashine iliyotajwa kwenye pendekezo ilikuwa mbovu tangu kabla hawajaandikishwa, na hakuna aliyekwenda kuitazama.

Chukua mfano unaokuhusu. Tuseme unataka kupima metali nzito kwenye tope la hori la Tudor, upande wa Mikindani kwenye mikoko. Vituo 10, misimu 2, na kila kituo sampuli 3: hizo ni 60. Kwa kila sampuli 10 utaongeza moja tupu, yaani asidi na chupa na hatua zote bila tope, na nyingine ya tope rejea, lile linalouzwa na cheti kinachotaja kiasi cha kila metali. Zimekuwa 72. Ukipima metali 6, utakuwa na usomaji 432. Sasa uliza maabara: mnatoza kwa sampuli au kwa metali? Jibu la swali hilo moja linaweza kuzidisha bajeti yako mara sita, na watu huliuliza wakishamaliza pesa.

Hesabu ya pili ni ya uwezo wa mashine. Utaratibu wa kawaida ni kuchukua nusu gramu ya tope kavu lililosagwa, kulichemsha kwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, kulichuja na kuongeza maji safi hadi mililita 50. Tuseme tope lina risasi miligramu 20 kwa kilo. Nusu gramu ina mikrogramu 10, na kwenye mililita 50 hizo ni mikrogramu 200 kwa lita. Mashine ya AAS, inayopima metali kwa mwanga ambao atomi zake zinaufyonza, ile ya moto wa asetilini, inazisoma. Kadimi je? Tope lisilochafuka sana huwa na kama miligramu 0.2 kwa kilo. Ipitishe njia ileile: utapata mikrogramu 2 kwa lita, na mashine ya moto huanza kuaminika kwenye mikrogramu 10 au 20. Utapata namba, kwa sababu mashine haikosi namba ya kukupa, lakini itakuwa kelele tu. Kwa kadimi unahitaji AAS ya tanuri la grafaiti au ICP-MS, mashine inayotambua metali kwa uzito wa atomi zake. Mtahini wa nje anaifanya hesabu hii pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi. Ifanye wewe kwanza, kabla ya kuandika neno kadimi kwenye pendekezo.

Na ukienda kwenye ICP-MS, jua inachokula. Inakunywa gesi ya agoni lita 15 hadi 20 kila dakika. Mtungi mkubwa wenye gesi ya lita elfu kumi unakwisha kwa saa 9 hivi, ukihesabu na muda wa mashine kupata joto. Maabara nyingi hazikosi mashine, zinakosa agoni. Uliza pia kuhusu chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ukiyaingiza jinsi yalivyo yanaziba mashine, na klorini ya chumvi ikiungana na agoni hupata uzito 75, uleule wa aseniki. Anayepima aseniki ya bahari bila kulijua hilo ataandika kwamba Kilindini imejaa sumu, kumbe amepima chumvi.

Wewe umezoea maji ya kiwandani, kwa hiyo uchafuzi wa sampuli si habari ngeni kwako, lakini kwenye tope na maji ya bahari unaingia kwa njia nyingine. Rangi ya chini ya boti ina shaba ya kuzuia chaza na viumbe vingine kushikamana. Usiteke maji karibu na ubavu wa chombo, wala injini ikiwa inanguruma. Chekecheo la shaba nyeupe linatoa shaba na zinki zake kwenye tope lako, tumia la nailoni. Vumbi la mabati na unga wa glavu vinaleta zinki. Chupa za kuwekea sampuli za metali zilowekwe kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, zisuuzwe kwa maji safi ya maabara, zifungwe. Maji ya kupima metali yatiwe asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali inashika kwenye kuta za chupa nawe unapima kilichobaki. Zebaki ina masharti yake: ukikausha tope kwa nyuzi 105 kama ulivyozoea, sehemu yake inaruka hewani. Likaushe kwa ubaridi na ombwe, au kwa joto lisilozidi nyuzi 40.

Linganisha pia chembe kwa chembe. Tope laini hushika metali nyingi kuliko mchanga, kwa hiyo kituo cha tope kitaonekana kichafu kuliko kituo cha mchanga hata kama uchafu ulioingia ni sawa. Chekecha upate chembe zilizo chini ya mikromita 63, au ugawanye matokeo kwa alumini au chuma kilichomo. Kosa hili ndilo ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu halitengenezeki baadaye. Kama ulitupa tope lililobaki, ni lazima urudi horini.

Na kurudi horini kuna majira yake. Wewe ni mtu wa pwani, unajua kwamba maji ya kusi si ya kaskazi. Mvua za masika, kuanzia Aprili hivi, zinashusha kila kitu cha mjini kwenye hori. Za vuli, za mwisho wa mwaka, zinashusha kidogo. Utafiti usiolinganisha misimu miwili hautapita siku hizi. Kibali kikichelewa ukaikosa masika, umepoteza mwaka, maana hakuna masika nyingine Julai. Tena tope la mizizi ya mikoko hufikika vizuri maji yakipwa wakati wa bamvua, siku chache tu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo ukihesabu bamvua zilizoangukia siku ambayo una boti, una barafu na una mtu wa kukusaidia, unaweza kujikuta na siku nne au tano za kazi katika msimu mzima. Zipange kwanza, kisha ndipo uandike ratiba ya pendekezo.

Kama utaacha metali na kufuata dawa za miti au mwani, mashine inabadilika na mtego nao unabadilika. Hapo utachukua kilo 2 au 3 za majani makavu, uyaloweke kwenye methanoli mara tatu, uvukize kiyeyusho, upitishe kwenye safu ya silika wiki baada ya wiki, na mwishoni upate miligramu chache za kampaundi safi. Kuitambua kunahitaji NMR, mashine ya sumaku kubwa inayoonyesha jinsi atomi zilivyoungana, na spektromita za NMR ni chache nchini. Kwa haidrojeni miligramu 2 au 3 zinatosha. Kwa kaboni ukiwa na 10 au 20 utalala usingizi. Mtego ni huu: baada ya miezi minane unaweza kugundua kwamba unga wako mweupe ni lupeoli au stigmasteroli, vitu vilivyomo kwenye mimea isiyo na idadi na vinavyojulikana zamani. Pitisha ekstrakti kwenye LC-MS, mashine inayotenganisha kampaundi na kupima uzito wa kila moja, mwanzoni kabisa uone ni zipi zinazojulikana, uziache. Nakuomba pia usichague mwarobaini kwa sababu tu uko uani kwenu. Azadirakitini, kemikali yake maarufu, ilitengwa mwaka 1968 na ikaundwa yote maabarani mwaka 2007. Si kwamba hakuna jipya humo, ila foleni ni ndefu mno kwa mwanafunzi anayeanza. Mti wowote utakaouchagua, kausha tawi lenye ua au tunda ukalihifadhi kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, na namba yake, kwa sababu jarida halitakubali "mti tunaouita hivi Kwale" peke yake.

Vibali havina ugumu, vina mpangilio tu. Baada ya pendekezo kupita chuoni unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya sheria ya mwaka 2013. Ukisampuli ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, unaenda na kwa KWS, shirika la wanyamapori. Ukikusanya mimea au viumbe kwa ajili ya kemikali zao, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006, nacho kinataka ridhaa ya wenye eneo na, kama sampuli zinavuka mpaka, mkataba wa kuzihamisha. Ukiwauliza wavuvi maswali, hata kumi tu, unahitaji kamati ya maadili kwanza. Anza mapema, uziombe kwa pamoja pale inapowezekana. Sampuli za nje zipelekwe zikiwa kavu. Ekstrakti iliyo ndani ya methanoli ni mzigo wa hatari na itarudishwa. Na asidi usiipakie kwenye gari la abiria kwenda Nairobi, hata kichupa kimoja.

Ukishasajiliwa, hatua zinafuatana hivi: pendekezo la kurasa 15 hadi 25, semina ya idara, kamati ya shule, kisha ofisi ya masomo ya juu, ripoti za maendeleo kila baada ya miezi michache zenye saini za wasimamizi wote, semina ya matokeo, taarifa ya nia ya kuwasilisha tasnifu, mara nyingi miezi 3 kabla, ukaguzi wa kunakili, watahini wa ndani na wa nje, halafu kutetea mbele ya jopo. Jopo karibu kila mara linakutuma ukasahihishe, na masahihisho madogo si kushindwa. Maswali ya kemia mbele ya jopo yanajirudia: kipya ni nini hapa, ulijuaje kwamba chombo kinasoma kweli, tope rejea ulilipata kwa asilimia ngapi, kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukitambua, ulikipataje. Kwa la tatu, kati ya 80 na 120 watu hawakusumbui kwa metali nyingi. Kwa la nne, mkengeuko wa sampuli tupu zidisha mara 3.3, gawanya kwa mteremko wa mstari wa kipimio, ule unaochorwa kwa miyeyusho ya viwango vinavyojulikana, na uwe na pointi 5 au zaidi kwenye mstari huo. Ukiwa na majibu haya kwenye daftari lililoandikwa kwa wino, lenye tarehe na namba za chupa za kemikali, huna cha kuogopa.

Makala mbili zina hatari ya aina nyingine. Uhakiki wa kweli huchukua miezi mitatu, sita, hata mwaka, kwa hiyo makala ya kwanza itumwe mwaka wa pili, si tasnifu ikishachapwa. Mwanafunzi aliyechelewa ndiye anayenaswa na jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo. Chuo kikilikataa, na siku hizi vinakataa, makala imeshachapishwa na huwezi kuituma kwingine. Tazama kwanza kama jarida limo kwenye orodha za majarida za Scopus, Web of Science au DOAJ, na tazama hapo penyewe, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye ukurasa wao.

Nje ya nchi mambo ni mengine. Marekani ni mojawapo ya nchi unakoweza kuingia uzamivu na shahada ya kwanza tu: mwaka wa kwanza na nusu hivi ni masomo, kisha mtihani wa kufuzu kuwa mtahiniwa, kisha utafiti, jumla miaka 5 au 6. Idara za kemia huko kwa kawaida hukulipia karo na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha maabara za wanafunzi wa chini. Maombi mengi hufungwa Desemba kwa masomo ya Agosti au Septemba. Ujerumani wanataka uzamili, lakini huombi chuo kwanza, unaomba profesa. Akikukubali unaajiriwa kwa nusu au theluthi mbili ya mshahara na unafanya miaka 3 au 4. Sweden ni ajira ya miaka 4, na tasnifu mara nyingi ni makala zako zilizounganishwa. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na unahojiwa na watahini wawili mlango umefungwa. Kama shauku yako ni bahari ya Mombasa, Marekani itakupa mashine zote ila itakuweka mbali na tope lako kwa miaka mitano. Pima hilo sawasawa.

Je, lazima uhame? Si lazima uhame moja kwa moja. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mkomani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Pwani kiko Kilifi, mwendo wa asubuhi. Hata ukisajiliwa Nairobi, Kenyatta au Jomo Kenyatta, msimamizi wa pili anaweza kuwa mtafiti wa taasisi ya huku mwenye boti na historia ya hori. Mpango ninaouona unakufaa ni kusajiliwa hapa nchini, kusampuli nyumbani, na kwenda miezi 3 hadi 6 kwenye maabara yenye ICP-MS, ndani au nje. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ufadhili unaosomewa humu nchini, na WIOMSA ya Zanzibar, jumuiya ya wanasayansi wa bahari, hutoa ruzuku za utafiti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ruzuku ya aina hiyo ndiyo inayolipia ule usomaji 432, maana karo na gharama ya maabara ni mifuko miwili tofauti na wafadhili wengi hulipa mmoja.

Kuhusu kazi yako ya sasa: usiiache bado, na usianze kupima sampuli za utafiti kwa mashine za kiwanda kwa sababu tu funguo unazo. Omba barua inayosema mambo mawili, kwamba umeruhusiwa kutumia vyombo, na kwamba matokeo ni yako kuyachapisha hata yasipompendeza mtu. Wakikubali la kwanza wakakataa la pili, shukuru, ukatafute maabara nyingine. Matokeo yasiyoweza kuchapishwa hayatakupa makala, na bila makala hakuna shahada.

Mwezi huu fanya hivi. Chagua wasimamizi watatu unaowafikiria wa uzamili, soma makala moja ya karibuni ya kila mmoja, na kwenye sehemu ya mbinu tafuta mashine aliyotumia na chuo kilichoimiliki. Kisha mwandikie kila mmoja barua fupi: wewe ni nani na umepima nini kwa mikono yako Changamwe, swali gani la hori la Tudor unataka kulijibu, na kama mashine ile bado inafanya kazi. Ambatisha hesabu ya sampuli 72 kwenye ukurasa mmoja, vituo, misimu na metali zikiwa zimeonyeshwa.